Ruzuku za vifaa vya mitandao ya simu: nishati na usalama vipimwe pamoja au kila kimoja kivyake?

Kalamu ya Ruzuku (mwanzisha mada):

Ndugu wanajukwaa, naomba mchango wenu juu ya jambo ambalo kamati yetu imelijadili kwa muda mrefu bila kuafikiana. Tunaandaa vigezo vya mfuko wa ruzuku utakaosaidia wabunifu wa vifaa vya mitandao ya mawasiliano: redio za minarani, vichakataji vya mawimbi, swichi na ruta zinazobeba data kati ya vituo, pamoja na mifumo ya umeme inayoviendesha. Hati ya mfuko inataja malengo mawili tu, kwamba vifaa vitumie umeme kidogo na kwamba viwe salama dhidi ya wadukuzi.

Baadhi ya wajumbe wanataka madirisha mawili ya maombi, kila moja likiwa na waamuzi wake, kwa hoja kwamba mtaalamu wa amplifaya na mtaalamu wa usimbaji fiche hawawezi kusahihisha kazi moja. Wengine, nikiwemo mimi, tunahofia kwamba tukitenganisha tutaishia kugharimia redio zisizokula umeme lakini zilizo wazi kwa kila mdukuzi, na kwa upande mwingine visanduku vilivyofungwa barabara ambavyo hakuna kampuni ya simu itakayomudu bili yake ya umeme.

Ninayo maswali matatu. Kwanza, je, dirisha liwe moja au mawili? Pili, tudai ushahidi gani kutoka kwa mwombaji, yaani tupime nini hasa? Tatu, fedha ziingie katika hatua ipi: kwenye utafiti wa awali, kwenye mfano wa majaribio, au pale kampuni ya simu inaponunua kifaa kwa mara ya kwanza? Naomba majibu yenye sababu za kiufundi, kwa kuwa hoja za jumla kuhusu umuhimu wa teknolojia zimejaa tele katika makabrasha yetu.

Fundi Masafa:

Mkuu, nitaanza na swali lako la pili, kwa kuwa ukishajua utapima nini, mengi ya yaliyobaki yatajipanga yenyewe.

Sehemu kubwa ya umeme wa kampuni ya simu haiishii kwenye kompyuta za makao makuu bali minarani. Makadirio ya GSMA Intelligence, kitengo cha utafiti cha umoja wa kampuni za simu duniani, yameuweka mtandao wa redio kwenye karibu robo tatu ya nishati yote ambayo kampuni hutumia. Ndani ya redio yenyewe, mlaji mkuu ni amplifaya ya mwisho, ile inayosukuma mawimbi kwenye antena. Shida yake inatokana na umbo la mawimbi ya 4G na 5G, ambayo nguvu yake hupanda na kushuka ghafla na kilele chake huwa juu sana kuliko wastani. Amplifaya inalazimika kuwa na uwezo wa kukibeba kilele hicho bila kukipotosha, lakini muda mwingi hufanya kazi chini yake kabisa, mahali ambapo ufanisi ni mdogo na umeme mwingi unaoingia hugeuka joto. Joto nalo hudai feni au kiyoyozi, navyo vinakula umeme wake.

William Doherty wa Bell Labs alibuni mwaka 1936 njia ya kupunguza hasara hiyo kwa kugawa kazi kati ya amplifaya mbili, moja ikishughulikia wastani na nyingine ikiamka kilele kinapofika. Wazo hilo la kale bado linaishi katika redio nyingi za minarani leo. Kilichobadilika zaidi ni transista. Zile za silikoni za aina ya LDMOS zilitawala kwa miaka mingi, lakini masafa yalipopanda kuelekea gigahezi 3 na kuzidi, ufanisi wake ulishuka, na galiamu nitridi, aina nyingine ya semikonda, ikachukua nafasi kwa sababu inastahimili volteji kubwa na joto kali. Kwa hiyo mwombaji akiwaletea amplifaya mpya, msiridhike na asilimia ya ufanisi iliyopimwa kwenye kilele. Mdaini ufanisi wa wastani akiwa anarusha mawimbi halisi ya 5G, na hesabu ijumuishe umeme unaotumiwa na saketi ya kidijitali inayosahihisha upotoshaji, kwa sababu wauzaji wengi hupenda kuiacha nje ya jedwali.

Jambo lenye faida kubwa hata kuliko amplifaya, kwa maoni yangu, ni usingizi wa vifaa. Mnara hukaa saa nyingi bila kazi nzito, hasa usiku wa manane. Katika 4G kituo hulazimika kutuma mawimbi ya marejeo karibu kila milisekunde, hata kama hakuna simu hata moja inayokisikiliza. 5G ilisanifiwa kwa ukimya zaidi: kwa kawaida kituo hutangaza utambulisho wake kila milisekunde 20, viwango vinaruhusu muda huo kurefushwa hadi milisekunde 160, na Toleo la 18 la viwango vya 3GPP, ushirika wa kimataifa unaoandika viwango vya mitandao ya simu, limeongeza mbinu nyingine za kuokoa nishati. Hata hivyo ruhusa ya kulala iliyo kwenye karatasi haina maana ikiwa kifaa chenyewe hakijui kulala. Amplifaya inaamka kwa kasi gani? Je, kigeuza umeme kinabaki na ufanisi wake mzigo unapokuwa mdogo? Je, chipu ya kuchakata mawimbi inaweza kuzima sehemu zake moja moja, au lazima iwake yote? Nimewahi kushika redio ambayo kwenye skrini ya usimamizi ilionekana imelala, ilhali mita kwenye waya wa kuingilia ilionyesha mkondo ambao haukutofautiana sana na ule wa redio iliyo kazini.

Viwango vya upimaji vipo tayari, hakuna haja ya kubuni vingine. Kiwango ES 202 706 cha ETSI, shirika la viwango la Ulaya, huelekeza namna ya kupima kituo katika maabara kwenye mzigo mdogo, wa kati na mkubwa, na ETSI ES 203 228 huupima mtandao mzima kwa kulinganisha data iliyobebwa, au eneo lililohudumiwa, na nishati iliyotumika. Tahadhari moja: kipimo cha biti kwa kila jouli kikisimama peke yake hudanganya, kwa kuwa data ikiongezeka mara tatu na umeme ukaongezeka mara mbili, kipimo kitaonyesha maendeleo wakati bili imepanda. Mimi ningedai umeme upimwe kwenye waya wa volti 48 unaoingia kwenye kifaa, feni zikiwemo, kifaa kikiwa hakina mzigo kabisa, kisha kwenye viwango vile vitatu, na mwombaji aeleze muda wa kuamka kutoka kila hatua ya usingizi.

Nikiongeza kidogo kuhusu neno usalama, msisahau ugavi. Galiamu hupatikana zaidi kama zao la pembeni la usafishaji wa boksiti, na sehemu kubwa mno ya uzalishaji wake wa awali iko China, ambayo tangu Agosti 2023 imekuwa ikidai leseni kwa ajili ya kuiuza nje. Mradi wa kuyarejeleza mabaki ya galiamu viwandani unaweza kustahili ruzuku yenu kuliko redio ya kumi na moja inayofanana na kumi zilizotangulia.

Mlinzi wa Pakiti:

Nakubaliana na Fundi Masafa kuhusu usingizi, na hapo hapo ndipo ninapolipata jibu la swali la kwanza.

Nani anaamua kwamba kituo kilale? Katika mitandao ya Open RAN, ambamo vifaa vya kampuni tofauti huunganishwa kwa violesura (sehemu za kuunganishia) vilivyo wazi kwa wote, uamuzi huo hutolewa na kidhibiti ambacho huendesha programu ndogo ndogo, na programu hizo zinaweza kuandikwa na kampuni nyingine kabisa isiyohusiana na iliyotengeneza redio. Kidhibiti cha taratibu hufanya maamuzi yanayochukua zaidi ya sekunde moja, na cha haraka hufanya kazi kati ya milisekunde 10 na sekunde moja. Programu yenye mamlaka ya kuzima kituo ili kuokoa umeme ndiyo hiyo hiyo yenye mamlaka ya kukizima wakati watu wanapiga simu za dharura. Mshambuliaji akiishika, hana haja ya kuvunja usimbaji fiche wowote. Anatumia amri halali aliyoikuta imeandaliwa. Anaweza pia kufanya kinyume, akavizuia vituo kulala, ili bili ipande na betri za akiba ziishe mapema umeme wa gridi unapokatika.

Sasa fikiria madirisha yako mawili. Waamuzi wa nishati watampa alama za juu mwombaji ambaye kidhibiti chake kinaweza kuzima chochote kwa haraka, na waamuzi wa usalama hawatauona kamwe mradi huo kwa kuwa haukuja kwao. Dirisha liwe moja, na kila ombi lisomwe na watu wa pande zote mbili wakiwa meza moja. Katika mfano huu wangedai amri za usingizi zitiwe saini ya kidijitali, na mipaka iandikwe ndani ya redio yenyewe, ili kwa mfano ikatae kulala wakati kuna simu ya dharura inayoendelea, hata kama kidhibiti kimeamuru.

Kuhusu ushahidi wa usalama, mfano ninaoutumia kila mara ni ule wa Ugiriki. Kati ya mwaka 2004 na 2005 programu haramu ilipandikizwa ndani ya swichi za kampuni ya simu, ikautumia uwezo wa kunasa mazungumzo ambao mtengenezaji aliuweka kwa matumizi ya kisheria, na simu zipatazo mia moja zikasikilizwa, ya waziri mkuu ikiwa miongoni mwake. Programu hiyo ilijificha vizuri kiasi kwamba haikuonekana kwenye orodha ya kazi zinazoendeshwa. Ilifichuka kwa sababu wahalifu walipoisasisha walivuruga upelekaji wa ujumbe mfupi, na wahandisi wakaanza kutafuta chanzo cha hitilafu. Yaani swichi haikuwa na namna ya kusema, kwa uthibitisho, ni programu gani hasa iliyokuwa ikiendesha.

Uwezo huo wa kujithibitisha hauwezi kuongezwa vizuri baadaye kwa programu. Unaanzia kwenye chipu. Ufunguo unachomwa ndani ya silikoni kiwandani, hatua ya kwanza ya uwashaji inakagua saini ya hatua ya pili, ya pili inakagua ya tatu, na mwishoni kifaa kinatuma taarifa iliyosainiwa kwenda kwa msimamizi ikieleza kila kilichopakiwa. Mdaini mwombaji aonyeshe mnyororo huo ukifanya kazi mbele yenu, mkimwomba abadilishe biti moja katika programu na muone kama redio inakataa kuwaka.

Kuna swali jingine dogo ambalo huwafichua waombaji wasiojiandaa: saini ya uwashaji imetengewa nafasi kiasi gani? Redio ikishapanda mnarani hukaa huko miaka kumi au zaidi, na katika muda huo huenda tukalazimika kuachana na saini za sasa kwa hofu ya kompyuta za kwanta zitakazoweza kuzivunja. Agosti 2024 NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, ilitoa viwango FIPS 203, 204 na 205 vya kustahimili kompyuta hizo. Saini ya ECDSA inayotumika sana leo ina baiti 64, ilhali saini ndogo kabisa ya ML-DSA iliyomo katika FIPS 204 ina baiti 2,420. Msimbo wa uwashaji uliochomwa kwenye chipu ukiwa umeandikwa kwa ajili ya baiti 64, hakuna sasisho litakaloupanua. Kifaa hicho kitabaki dhaifu mpaka kishushwe.

Msomaji wa Pembeni:

Samahani kwa kuingilia. Mimi si mhandisi, lakini ninavyoelewa kila usimbaji fiche ni hesabu, na kila hesabu ni umeme. Je, malengo haya mawili hayapingani kwa asili yake? Na kama yanapingana, waamuzi walioketi meza moja watafanya nini zaidi ya kuvutana?

Mlinzi wa Pakiti:

Swali ni la haki. Hesabu ya usimbaji fiche ikifanywa na saketi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo ndani ya chipu, umeme wake ni mdogo sana ukilinganisha na ule wa amplifaya. Ikifanywa na kichakataji cha kawaida kisicho na saketi hiyo, gharama yake inaonekana. Kwa hiyo mgongano upo pale tu ambapo msanifu wa chipu hakukumbushwa mapema.

Historia inalo somo hapa. Katika 4G data ya mtumiaji husimbwa kwa fiche lakini hailindwi dhidi ya kubadilishwa njiani, na mwaka 2018 watafiti walionyesha jinsi mshambuliaji anavyoweza kuigeuza data hiyo ili kumpeleka mtumiaji kwenye tovuti ya uongo bila kuusoma ufunguo. Toleo la 15 la 3GPP, ambalo ndilo la kwanza la 5G, lilileta ulinzi huo, lakini likaruhusu simu ziutumie hadi kasi ya kilobiti 64 kwa sekunde tu, kwa sababu chipu nyingi zisingeweza kuumudu mzigo wa hesabu kwenye kasi kubwa. Ilibidi kusubiri Toleo la 16 ili kasi kamili iwe ya lazima. Kama saketi ya kazi hiyo ingekuwa imeandaliwa mapema na kwa bei nafuu, pengine tusingekuwa na kipindi hicho cha kulegalega. Ndiyo maana nasema ruzuku ya chipu iwe na msomaji wa usalama ndani yake tangu mchoro wa kwanza.

Bahasha ya Zabuni:

Nimefanya kazi upande wa ununuzi, na ninapingana kwa kiasi fulani na waliotangulia. Dirisha moja, sawa. Lakini mkidai kila mwombaji atimize vigezo vya nishati na usalama kwa uzito ule ule tangu siku ya kwanza, mtawafukuza watu mnaowahitaji. Mtafiti wa chuo kikuu anayetengeneza transista mpya ya galiamu nitridi hana programu wala ufunguo. Kumtaka aandike kurasa za uwashaji salama ni kumfundisha kuandika uongo wa heshima. Uzito wa usalama uongezeke kadiri kifaa kinavyoukaribia mnara. Kwenye utafiti wa awali itoshe kueleza uvumbuzi utaingia wapi katika kifaa kizima na nini kinaweza kuharibika. Kwenye mfano wa majaribio, mnyororo wa uwashaji ukaguliwe. Kwenye ununuzi wa kwanza, kifaa kipite tathmini ya nje, kwa mfano ile ya NESAS ya GSMA inayotumia majaribio yaliyoandikwa na 3GPP.

Swali la tatu ndilo lenye fedha, kwa hiyo niruhusuni nilikalie kidogo. Utafiti wa awali kwa kawaida hupata wafadhili. Wazo zuri hufia kati ya mfano wa majaribio na mnara wa kwanza wenye wateja halisi. Soko la redio limeshikwa kwa sehemu kubwa na kampuni tano, Huawei, Ericsson, Nokia, ZTE na Samsung, na mkuu wa ununuzi wa kampuni ya simu hapewi tuzo kwa kujaribu ya sita. Anapewa lawama mtandao ukianguka. Kampuni changa inayoleta redio yenye kuokoa umeme huulizwa kama itakuwepo miaka kumi ijayo kutoa vipuri na masasisho, na mara nyingi haina jibu la kweli.

Mradi wa CHERI unaonyesha pande zote mbili. Chuo Kikuu cha Cambridge na SRI International walianza mwaka 2010 kutafiti kichakataji kinachozuia chenyewe makosa ya matumizi ya kumbukumbu, ambayo Microsoft ilisema mwaka 2019 kuwa ndiyo chanzo cha takriban asilimia 70 ya udhaifu inaourekebisha kila mwaka. Fedha za umma za Marekani na baadaye za Uingereza ziliufikisha mradi hadi Januari 2022, kampuni ya usanifu wa chipu ya Arm ilipotoa bodi ya majaribio iitwayo Morello. Ni ruzuku iliyofanya kazi yake, kwa sababu hakuna kampuni ambayo ingegharimia chipu ya namna hiyo peke yake. Lakini bodi ya majaribio si bidhaa, na safari ya kuingiza teknolojia hiyo kwenye vifaa vya mitandao inahitaji mnunuzi, wala si mtafiti mwingine.

Wengine wamelishughulikia vipi pengo hilo? Marekani, kwa sheria ya CHIPS and Science ya mwaka 2022, ilitenga dola bilioni 1.5 kwa ajili ya mfuko wa ubunifu wa mitandao isiyotumia waya, na awamu ya kwanza ikaelekezwa kwenye maabara na mbinu za upimaji kabla ya kuvigharimia vifaa vyenyewe. Nadhani huo ulikuwa mpangilio wa busara. Uingereza ilitangaza pauni milioni 250 katika mkakati wake wa mwaka 2020 wa kupanua wigo wa wasambazaji, na mwaka 2021 ikafungua SONIC Labs, ikiendeshwa na kituo cha ubunifu cha Digital Catapult pamoja na Ofcom, mdhibiti wa mawasiliano, ambako kampuni ndogo iliweza kuunganisha redio yake na vifaa vya wengine bila kujenga maabara yake. Maabara ya pamoja ni matumizi mazuri ya fedha za umma kwa sababu kila mwombaji anayefuata anaikuta ipo.

Ila msidhani kwamba kufungua violesura kunatosha. Desemba 2023 kampuni ya simu ya Marekani AT&T ilitangaza mpango wake mkubwa wa Open RAN, mkataba unaoweza kufikia takriban dola bilioni 14 kwa miaka mitano, na aliyeupata ni Ericsson. Simlaumu mnunuzi. Nasema tu kwamba mlango ukifunguliwa, anayeingia kwanza ni yule ambaye tayari alikuwa ndani.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: sehemu kubwa ya mfuko msimpe mbunifu, mpeni kampuni ya simu inayokubali kuweka vifaa vya mbunifu kwenye vituo vyenye wateja. Ruzuku ilipie tofauti ya bei, gharama ya kuunganisha na mifumo iliyopo, na bima ya kushusha kifaa iwapo kitashindwa. Malipo yatolewe kwa awamu kulingana na vipimo alivyovitaja Fundi Masafa, vikichukuliwa minarani wala si maabara. Na sehemu ndogo ibaki kwa ajili ya mambo yasiyovutia magazeti: ada za tathmini ya usalama, hataza, na nauli za wahandisi wa kampuni ndogo kwenda kwenye vikao vya 3GPP, kwa sababu asiyekuwepo kikaoni huletewa kiwango kilichoandikwa na washindani wake. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu uthabiti wa kimtandao, iliyopitishwa mwaka 2024, itaanza kudai taarifa za udhaifu unaotumiwa na wadukuzi kuanzia Septemba 2026, na masharti yake mengine makuu kuanzia Desemba 2027. Kampuni kubwa zina idara nzima za kushughulikia hayo, ilhali kampuni ya wahandisi wachache haina.

Fundi Masafa:

Nimekubali hoja ya kuongeza uzito kwa hatua. Kwa kuwa Open RAN imetajwa, niongeze onyo moja kwa waamuzi. Baadhi ya maombi yataahidi kwamba seva za kawaida zitachukua nafasi ya chipu maalumu za kuchakata mawimbi, na kwamba hilo litashusha gharama. Seva ya kawaida inabadilika kirahisi, lakini kwa kazi nzito kama urekebishaji wa makosa ya data inatumia umeme mwingi zaidi kwa kila biti kuliko chipu iliyochongwa kwa kazi hiyo, ndiyo maana wengi wameishia kuongeza kadi za kuharakisha hesabu. Siwaambii mzikatae seva, ila mseme wazi kwamba umeme wa seva, kadi yake na swichi inayoiunganisha na redio vyote vihesabiwe kama kifaa kimoja. Vinginevyo mwombaji atakuonyesha redio inayookoa umeme huku hesabu yote ikiwa imehamishiwa kwenye chumba cha jirani.

Kalamu ya Ruzuku:

Nawashukuru nyote. Nimepata vya kutosha kuandika rasimu: dirisha moja lenye waamuzi wa pande zote mbili, uzito wa usalama unaoongezeka kwa hatua, na sehemu kubwa ya fedha kupitia mnunuzi wa kwanza. Limebaki jambo moja linalonitatiza. Mahali pengi mnara ni mali ya kampuni ya minara, ndiyo inayolipia umeme, wakati redio ni mali ya kampuni ya simu inayopanga. Kama mpangaji analipa kodi isiyobadilika, kwa nini anunue redio ghali inayompunguzia mwenye mnara bili?

Bahasha ya Zabuni:

Hatanunua, na nimeona zabuni ambamo kipengele cha umeme kilipewa alama chache kwa sababu hiyo hasa. Mfuko wako hauwezi kuandika upya mikataba ya minara, lakini unaweza kuweka sharti kwamba ombi la hatua ya ununuzi liletwe kwa pamoja na mwenye redio na mwenye mnara, wakiwa wamekubaliana namna ya kugawana akiba, na kwamba kila redio iliyogharimiwa iwe na mita yake. Bila mita ya kila redio, mwenye mnara anaona jumla tu, na mgawanyo wowote wa akiba utakuwa wa kukadiria na kugombana.

Mlinzi wa Pakiti:

Ongeza kwenye sharti hilo kwamba namba za mita zitiwe saini na ufunguo ule ule uliochomwa kwenye chipu ya redio, pamoja na muda wa kupimwa na toleo la programu iliyokuwa ikiendeshwa wakati huo. Mara tu malipo ya ruzuku na mgawanyo wa akiba vitakapotegemea namba hizo, kutakuwa na watu wenye sababu ya kuzichezea, na baadhi yao watakuwa miongoni mwa walioweka saini kwenye ombi.